Okoa Ganda, Kichwa Kitajiju

Sauti yenyewe ni pfff, kama baiskeli iliyochomwa mwiba. Kwenye uwanja wa shabaha huko Marekani, ambako bastola zinanguruma mfululizo na kila mtu ameziba masikio, hiyo pfff ndiyo inayowageuza watu shingo, kwa sababu kila aliye karibu alishajiandaa kupokea kishindo na kishindo hakikuja. Maana yake ni kwamba risasi iliyofyatuliwa haikuwa na baruti. Fataki, kile kiwashio cha kitakoni, peke yake imekisukuma kichwa cha risasi hadi mahali fulani ndani ya mtutu, ikaishiwa nguvu, ikakiacha hapo. Mwenye bastola asipoielewa sauti hiyo akafyatua tena, kichwa cha pili kitakuta njia imezibwa, na mtutu utavimba au utapasuka. Akiielewa, atasalimika, lakini atabaki amesimama mbele za watu na chuma kilichoziba mkononi, huku jirani wa kushoto akimuuliza kwa ule upole unaouma kuliko tusi: "Umezijaza mwenyewe?" Amezijaza mwenyewe. Amezijaza mia, hiyo ilikuwa ya kwanza, na sasa anarudi nyumbani na washukiwa tisini na tisa wasiotaka kukiri.

Kujaza risasi nyumbani ni mazoea ya kawaida Marekani, jambo ambalo msomaji wa Kenya au Tanzania, ambako kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, huenda akalisoma mara mbili. Huko mtu huokota maganda yaliyotumika, akayasafisha, akachomeka fataki mpya kwenye kitako, akapima baruti, akaweka kichwa juu, kisha mashine ya kushindilia iliyofungwa kwenye meza ya gereji ikakamilisha kazi. Wengine, wale ambao ugonjwa umewaingia hasa, hawanunui hata kichwa: huyeyusha madini ya risasi kwenye chungu cha umeme, wakayamimina kwenye kalibu na kusubu vichwa vyao wenyewe. Hao ndio ninaowasemea hapa. Nadai kwamba zana na adabu zote wanazofundishwa za kutengua kosa zilibuniwa kwa ajili ya mtu mwingine. Kwamba zinahangaika kuokoa kitu kisichohitaji kuokolewa. Na kwamba msubu angepumzika sana, na kuwa salama zaidi, kama angekubali kukiharibu kichwa bila huruma na heshima yake yote akalipa ganda.

Kabla ya kufika kwenye zana, kuna pingamizi ambalo kila mwenye akili hulitoa: kwa nini azing'oe zote? Si azipime kwenye mizani, ile nyepesi iwe ndiyo isiyo na baruti, na ile nzito ndiyo iliyopewa mara mbili? Laiti. Risasi ya bastola ya milimita 9 hubeba baruti ya takriban robo gramu tu. Vichwa vilivyosubiwa kwenye kalibu moja, siku moja, kwa mkono mmoja, hupishana uzito kwa sehemu ya kumi ya gramu bila kuona haya, maana kimoja kina kipovu cha hewa tumboni na kingine kilimiminwa chungu kikiwa na joto zaidi. Maganda yaliyookotwa uwanjani ni mabaya zaidi: la kiwanda hiki na la kiwanda kile yanaweza kupishana kwa robo gramu nzima na ushee. Kwa hiyo ganda zito lisilo na baruti linaweza kulingana na ganda jepesi lililoshiba, na mizani, ambayo haina hatia yoyote, itaapa kwamba ni mapacha. Kuzitikisa sikioni ni ushirikina. Wala wasiwasi hauishii kwa zile tupu. Baruti za bastola zinazowaka haraka huchukua nafasi ndogo ndani ya ganda, mara nyingi chini ya nusu, kwa hiyo ganda lenye vipimo viwili halifuriki wala halilalamiki mpaka lifyatuliwe. Chembe zikishikana kidogo kooni mwa chombo cha kupimia, kisha zikaporomoka zote kwenye zamu inayofuata, zinapatikana tupu na maradufu zikiwa majirani kwenye sanduku moja. Hapo mizani haina la kusema. Ni kuzifungua moja moja.

Na akianza kuzifungua ndipo anapogundua jinsi alivyokuwa fundi mzuri. Kichwa hakikushikwa kwa gundi. Kimeshikwa na hamu ya shaba ya njano ya kurudi ilikotoka. Ganda lililotumika huwa limevimba, kwa hiyo kwanza hupitishwa kwenye pete ya kabaidi ya tangsteni inayolibana hadi tundu lake liwe dogo kidogo kuliko kichwa kitakachoingia. Mdomo hupanuliwa kiasi cha kukipokea kichwa bila kukikwangua, maana madini haya ni laini na ukingo mkali wa shaba ungeyamenya. Kisha kichwa husukumwa ndani, shaba ikatanuka kwa shingo upande, na tangu dakika hiyo haiachi kujaribu kujirudi. Jaribio hilo lisilokoma ndilo linalokishika. Mwishoni mdomo uliopanuliwa hurudishwa. Kwa risasi ya milimita 9 na ya .45 hurudishwa kwa kunyooshwa tu, kwa sababu ukingo wa ganda ndio unaogota kwenye chemba na kuizuia risasi isizame, na ukiukunja sana umekipoteza kigoto. Kwa .38 Special, risasi ya rivolva yenye ukingo wa ziada kwenye kitako, ganda hukunjwa kabisa likaingia kwenye mfereji uliochorwa kichwani, na huo mkunjo ni kufuli. Halafu kuna hila ya msubu mwenyewe. Kichwa chake hufanywa kinene kwa makusudi, inchi 0.356 pale ambapo kichwa cha kiwandani chenye ngozi ya shaba nyekundu kina 0.355, kwa sababu madini laini yasipoujaza mtutu sawasawa, gesi ya moto hupenya ubavuni na kuyapaka madini ndani ya mtutu mzima. Tofauti hiyo ni milimita 0.025 tu, lakini shaba inaihisi. Juu yake kuna mifereji iliyojazwa nta ya nyuki na grisi, ambayo ikikaa kabatini miezi hukauka na kujishikiza. Kila alichokifanya kwa ustadi sasa ni mpinzani wake.

Zana ya kwanza anayouziwa ni nyundo. Si ya kupigia msumari: ina kichwa kikubwa cha plastiki, kitupu ndani, na mdomoni mwake mna kibano cha vipande vitatu vilivyofungwa kwa pete ya mpira. Risasi hutumbukizwa humo kitako kikiwa juu, kibano kikaidaka kwenye ukingo wa kitako, kifuniko kikazungushwa, nyundo ikapigwa kwenye kitu kigumu. Hakuna kinachokigusa kichwa cha risasi. Nyundo husimama ghafla, ganda likiwa mateka wake husimama nayo, ila kichwa hakina habari. Kinaendelea na safari kwa sheria ile ile ambayo Newton aliichapisha mwaka 1687. Ni wazo zuri kiasi cha kumfanya mtu asahau kwa dakika moja kwa nini amelihitaji. Tuseme nyundo inashuka kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde na zege linaisimamisha ndani ya nusu milimita. Hesabu inatoa breki yenye nguvu mara 2,500 ya mvutano wa dunia, na kichwa cha gramu 8, saizi ya kawaida ya milimita 9, kwa kitambo hicho kinajivuta kana kwamba kina uzito wa kilo 20. Kichwa cha .45 chenye gramu 15 kinajivuta kwa kilo 37 na zaidi, ndiyo maana hutoka kwa mapigo mawili matatu na kumpa mtu kiburi. Kile kidogo cha .25, gramu 3 na kidogo, hakifiki kilo 9 kwa pigo lile lile, na humtoa mtu jasho. Sasa, zege lina kelele. Ni saa nne usiku, watoto wamelala, basi mtu anatandika zulia. Zulia linairuhusu nyundo isimame ndani ya milimita 5 badala ya nusu, yaani mara kumi, na zile kilo 20 zimekuwa 2. Anapiga, anapiga, kichwa kimetulia kwenye ganda lake. Hapo wengi huanza kuitukana nyundo, ilhali fizikia imewapa kitu kile kile walichokiomba, yaani ukimya.

Kicheko changu hukaukia hapa. Mashine za kisasa za kushindilia, zile zenye vituo vinne au vitano ambapo kila mvuto wa mpini unatoa risasi iliyokamilika, huuzwa kwa sifa ya mia kadhaa kwa saa, na sifa hiyo ni ya kweli. Tangazo linalosema kosa lililotengenezwa kwa mwendo huo litatenguliwa kwa mwendo gani sijaliona. Kila risasi inayoingia kwenye nyundo inataka kufunguliwa kifuniko, kupangwa, kufungwa, kupigwa, kuchunguliwa, kupigwa tena, kisha kumiminwa kichwa na baruti kwenye bakuli, kisha vipande vya kibano vitafutwe chini ya meza vilikorukia. Uzalishaji ni wa jumla, utenguaji ni wa rejareja. Zaidi ya hayo, kujaza ni kazi ya kimya ambayo hata mke wa mtu haisikii, lakini kila pigo la nyundo ni tangazo kwa nyumba nzima na nyumba ya pili kwamba bwana amekosea tena. Vitabu vya kujazia risasi, vyenye kurasa nyingi za vipimo hadi sehemu ya kumi ya kile kizio cha uzito kiitwacho chembe, vikifika kwenye swali la nifanye nini nikikosea hujibu kwa sentensi moja: ukiwa na shaka, ifungue. Ndiyo, bwana. Niifungue kwa kitu gani, na kwa usiku mangapi? Huu si utani tena, kwa sababu ugumu una matokeo. Mtu aliyechoka kwenye ya ishirini hushawishika kwamba zilizobaki labda ni nzima, akazirudisha kwenye sanduku, na kesho yake kuna mkono wa binadamu umeizunguka hiyo labda.

Zana ya pili ni ya kistaarabu zaidi. Ni kibano kinachofungwa juu ya mashine yenyewe, chenye mashavu laini yaliyochongwa kwa kipenyo kamili cha kichwa. Risasi hupandishwa, mashavu hufungwa, mpini huinuliwa, ganda likashuka na kichwa kikabaki juu bila hata mkwaruzo. Kwa risasi ndefu za bunduki zenye ngozi ya shaba nyekundu, ni zana ya kuonea fahari. Kwa bastola ya msubu ni mapambo. Kichwa cha bastola ni kifupi, na sehemu yake iliyonyooka, ile ambayo mashavu yangeishika, yote imezama ndani ya ganda. Kilichochungulia nje ni pua ya mviringo tu, na pua ya madini laini iliyopakwa nta ikibanwa inateleza, ikibanwa zaidi inageuka umbo na kuteleza vizuri zaidi. Zipo risasi za .38 za kulengea shabaha ambazo kichwa chake ni kipande bapa kilichoshindiliwa hadi kikalingana na mdomo wa ganda, hakikuacha nje hata unywele wa kushikwa. Watengenezaji wa vibano hivi wanalijua hilo, na onyo kwamba havifai kwa madini laini utalikuta kwenye maelezo, pale ambapo maelezo husomwa baada ya kulipa. Na kila kipenyo kina kibano chake, kinachouzwa peke yake.

Ukizitazama zana hizi mbili pamoja, utaona zimelelewa na mama mmoja. Kibano kinalainishwa ili kisikwaruze kichwa. Nyundo inasifiwa kwa sababu hakuna chuma kinachokigusa kichwa, na bado wakongwe wanamshauri mgeni aweke pamba au kipande cha sponji chini ya tundu lake, kichwa kikianguka kisije kikaumia pua. Huruma yote hii ina maana kwa kichwa cha dukani. Kilinunuliwa kwa fedha, kimevikwa ngozi ya shaba, na hakuna mtu atakayeirudisha ngozi hiyo gerejini kwake. Lakini kichwa cha kusubu kilitoka kwenye chungu, na chungu bado kipo pale pale mezani. Husemwa maji yakimwagika hayazoleki. Madini ya risasi huzoleka, kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na chungu hakina kumbukumbu ya kile yalichokuwa jana. Hata asili yake ni ya kuyeyushwa na kuyeyushwa tena. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia mashine ya Ottmar Mergenthaler iliyosubu mistari mizima ya maandishi, na kwa miongo iliyofuata magazeti yaliyeyusha kila usiku habari za asubuhi ili kusubu za kesho. Mchanganyiko wake, takriban asilimia 84 ya madini ya risasi, 12 ya antimoni na 4 ya bati, ni mgumu mara nne ya madini matupu kwenye kipimo cha Brinell, na wasubu waliupenda mno. Magazeti yalipoacha teknolojia hiyo, New York Times likiwa limeiaga mwaka 1978, shehena za metali hiyo ziliingia kwenye magereji. Kichwa anachokibembeleza mtu leo kwa pamba huenda kiliwahi kuwa tahariri, na kabla yake bei ya vitunguu. Kimeshazoea.

Atakayesema kichwa kilichong'olewa kwa upole kinaweza kutumika tena kama kilivyo, bila kupita chunguni, ana hoja kwa risasi za mazoezi ya umbali mfupi, wala sitamnyima. Ila asidhani ameokoa kile kile alichokiingiza. Franklin Mann, daktari wa Massachusetts aliyechapisha mwaka 1909 kitabu kikubwa juu ya safari ya kichwa cha risasi kutoka kwenye baruti hadi kwenye shabaha, alitumia sehemu kubwa ya umri wake akiviharibu vichwa kwa makusudi, hapa pua, pale kitako, kisha akipima vilikoangukia. Pua iliyoumia ilimsumbua kidogo kuliko alivyotarajia. Kitako kilichoumia ndicho kilichokipoteza kichwa njia, kwa sababu ndicho kinachoachana na mtutu mwisho, huku gesi ikisukuma kutoka nyuma. Sasa tazama kung'oa kunakoumiza. Pamba inalinda pua. Kitako ndicho kilichokuwa kimezama ndani ya ganda, kikabanwa na shaba, kikapita kwa nguvu kwenye mdomo uliokunjwa, kikavuliwa nta njiani. Yaani mtu amekesha akikilinda kiungo ambacho hakina kazi kubwa, na kile chenye kazi kimetoka kimechubuka. Heri chungu.

Ukishaacha kukionea huruma kichwa, mambo matatu hufunguka. La kwanza, pamba hutolewa. Haisaidii kung'oa hata chembe, na inameza baruti na grisi hadi mtu asijue ganda lipi lilikuwa na nini, wakati kujua hilo ndiyo sababu ya kazi yote. Nyundo inapigwa kwenye zege tupu au kipande cha chuma, mchana, macho yakiwa yamevikwa miwani ya kinga. La pili, kabla ya nyundo, risasi inarudishwa kwenye mashine na kichwa kinasukumwa ndani kidogo tu, kiasi cha kuvunja ule mshikamano wa nta iliyoganda na madini yaliyojipachika kwenye shaba. Baada ya hapo mapigo yanayohitajika hupungua kwa namna inayoonekana. Mwenye kuokoa kichwa huogopa hila hii kwa kuwa mdomo uliokwisha kubanwa hukikwangua. Na kikwanguliwe. La tatu ni koleo la kung'olea misumari. Risasi ndefu za rivolva, .38 na ndugu zake, zikipandishwa kwenye mashine isiyofungwa kitu juu, pua yao huchungulia kwenye tundu la juu. Koleo linaing'ata pua hiyo likiwa limelala juu ya fremu, mpini unainuliwa, ganda linashuka likiwa wima na baruti yake yote ndani, ikionekana kwa macho kama ni haba, ni sawa au ni maradufu. Meno ya koleo yanazama kwenye madini laini, na kovu linaloachwa humo ndilo linalofanya yasiteleze, jambo ambalo mashavu yale laini ya bei mbaya hayakuliweza. Kwa risasi fupi za milimita 9 kimo hakitoshi kwenye mashine nyingi, na hao wanabaki na nyundo; lakini angalau ni nyundo isiyo na pamba wala zulia.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo linatoka kwa wasubu wenyewe. Wanasema kung'oa si toba peke yake, ni uchunguzi. Mtutu ukipakwa madini, njia ya uhakika ya kumjua mchawi ni kung'oa kichwa kimoja kizima na kukipima kwa maikromita. Kama kiliingia kikiwa inchi 0.356 na kimetoka 0.354, ganda lenyewe ndilo lililokikamua, na kwa milimita 9 hutokea sana, kwa kuwa ganda lake linapungua kipenyo kuelekea mdomoni na ukuta wake unanenepa kuelekea chini, mahali kitako cha kichwa kinapofika. Hapo kichwa kilichong'atwa na koleo hakina ushahidi wowote wa kutoa. Ni kweli kabisa, na kwa uchunguzi huo pamba irudishwe, nyundo ishikwe kwa adabu, na risasi moja au mbili zifunguliwe taratibu. Lakini kuchunguza kunataka sampuli, na sanduku lililotiliwa shaka linataka kufunguliwa lote. Mkunga na mchimba kaburi wote hutumia mikono. Hatuwataki watumie mwendo mmoja.

Pingamizi la pili ni hatari ya chungu. Nalo lina ukweli, ila linaelekea kwingine: hatari si kichwa kilichoharibika, ni risasi nzima au fataki hai iliyojichanganya kwenye lundo la vichwa, au tone la maji, ambalo likizama kwenye madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa mlipuko na kuyarusha usoni. Lundo la vichwa lililotoka kwenye kazi ya mchana, lililopangwa na mtu asiyesinzia, ni salama kuliko lile la saa saba usiku lililomiminwa pamoja na kila kilichokuwa bakulini. Moshi wa nta utatoka, madirisha yafunguliwe, na mikono ioshwe kabla ya chai. La tatu, lile la wenye kiburi, kwamba mjazaji makini hahitaji haya kwa sababu hakosei, nimelisikia likisemwa na watu ambao nyundo yao ina nyufa kwenye kifuniko.

Makosa mengine hayastahili aya. Fataki iliyochomekwa kifudifudi: ng'oa, hakuna njia nyingine. Kichwa kilichokaa kirefu mno: rudi kwenye mashine, ukishindilie kidogo zaidi kwa kufuata kipimo cha kitabu, nyundo ikae kabatini. Risasi ndogo ya .22 yenye mlipuko ukingoni mwa kitako: usithubutu kuitia kwenye nyundo, maana kibano kinaishika pale pale inapolipukia.

Ganda lililookolewa huwa bado lina fataki yake hai, na linaweza kujazwa upya bila gharama ya ziada, ilimradi ile pini inayosukuma fataki nje iondolewe kwenye mashine kabla ya kulibana tena. Inayobaki bila kwao ni baruti. Imechanganyika na vikwaruzo vya madini na vibonge vya nta, hakuna anayeweza kuapa ilikuwa kipimo kipi, na mtu akiirudisha kwenye kopo lake amelitia kopo zima kwenye orodha ya washukiwa. Wajazaji wengi huinyunyiza uani, kwa kuwa ina naitrojeni. Nyasi hazijali kama kipimo kilikuwa kimoja au viwili.